Jimu ya ofisini: maswali yaleyale mnayoniuliza kila siku kuhusu usalama na matunzo ya vifaa

Nimeandika haya manake nimechoka kujibu kitu kimoja mara kumi kwenye grupu la WhatsApp, alafu wiki ijayo mtu mwingine anauliza tena kana kwamba hatujawahi kuongea. Mimi sio fundi wala kocha. Niko utawala, nilikabidhiwa funguo za jimu kwasababu tu meza yangu iko karibu na mlango, na miaka hii yote nimejifunza kwa kuharibikiwa. Ofisi yetu iko Dar, karibu na bahari, kwaiyo mengi hapa ni ya huku kwetu, ila hata aliyeko Mwanza au Nairobi atapata chake.

Vifaa ni vya nani hasa? Nani anavisimamia?

Hili ndo swali lenyewe na hakuna aliyewahi kuliuliza. Mashine ya nyumbani kwako ikianza kulia unaisikia, unaguna, unatafuta bisibisi. Ya ofisini ikilia kila mtu anafikiri mwenzake ameshasema, watu ishirini wanapanda juu yake na ule mlio, mpaka siku inakufa kabisa alafu inaonekana aliyekuwa juu yake siku hiyo ndo kaua. Sisi tuligawana: kila mashine ina jina la mtu limebandikwa ubavuni. Huyo mtu sio fundi, kazi yake ni kuiangalia mara moja kwa wiki na kupokea malalamiko. Tangu tufanye hivo simu za fundi wa dharura zimepungua sana.

Bosi kapata tredimili (mashine ya kukimbilia) ya bei poa, ya matumizi ya nyumbani. Si inafaa tu?

Haifai, na nitaeleza kwanini, maana kila bajeti ikibana hoja hii inarudi. Vifaa vinavyofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 20957 huwa na herufi kwenye kibao chao. H ni ya nyumbani, S ni ya jimu inayotumika na watu wengi chini ya usimamizi, na mara nyingi utakuta herufi ya pili A, B au C ambayo inahusu usahihi wa vipimo vyake. Kwaiyo ukiona HC ujue ni ya nyumbani. Mashine ya H imetengenezwa ikimfikiria mtu mmoja, wawili, anakimbia nusu saa, inapoa mpaka kesho. Ya kwetu saa kumi na moja jioni inapandwa na watu sita mfululizo bila kupoa. Mota inachemka, belti inaliwa, ndani ya mwaka umenunua mashine mbili za bei poa kwa hela ya moja nzuri.

Kuna na hili la mitumba ya Marekani. Kule umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Soma kibao cha nyuma kabla hujachomeka. Tuliwahi kuletewa moja kama zawadi, mtu akabadilisha plagi tu akaona kamaliza, ikatoa moshi hata haijazunguka. Kama ni ya 120 inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha, sio kale kadogo ka kuchajia mashine ya kunyolea.

Tredimili inanata, kama inakushika miguu, na inatoa harufu. Niendelee tu?

Shuka. Zima, chomoa kabisa ukutani, andika kwenye daftari.

Kinachotokea ni hiki: belti inateleza juu ya ubao, na kati yao kunatakiwa kuwe na utelezi. Utelezi ukiisha msuguano unapanda, mota inavuta umeme mwingi zaidi ili izungushe uzito uleule, na umeme huo unapita kwenye kile kisahani cha umeme kinachoiongoza mota. Ndo maana kinachoungua mara nyingi ni hicho kisahani, ambacho ni ghali kweli, wakati kilichokosekana ni mafuta kidogo tu. Kupima ni rahisi: mashine ikiwa imechomolewa, nyanyua ukingo wa belti katikati, ingiza vidole upapase upande wa chini. Ukihisi utelezi kama wa mafuta kidogo, sawa. Ukihisi pakavu na vumbi jeusi, inadai.

Mafuta ni silikoni tupu ya tredimili. Sio WD-40, sio mafuta ya alizeti (ndio, kuna mtu alitumia ya jikoni), sio grisi ya gari. Hayo yanaila belti au yanaganda na vumbi. Weka mstari mwembamba kushoto na kulia chini ya belti, chomeka tena, iache izunguke polepole dakika chache bila mtu juu ili yasambae. Usizidishe, yakizidi belti inateleza kwenye rola na wewe unateleza nayo. Na kabla ya yote soma kitabu chake, kwasababu baadhi ya mashine ubao wake umepakwa nta kiwandani na hautakiwi kuwekewa chochote. Kitabu kimepotea? Ingia intaneti na namba ya modeli, vingi vipo bure.

Belti imehamia upande mmoja, inakwaruza. Naweza kurekebisha mwenyewe?

Kama wewe ndo mwenye jina kwenye ile mashine, ndio. Nyuma kuna bolti mbili, kushoto na kulia. Iendeshe mdogomdogo, kama kilomita 4 au 5 kwa saa, bila mtu juu. Belti ikikimbilia kushoto kaza bolti ya kushoto robo mzunguko, subiri dakika moja nzima uone. Ikikimbilia kulia, kaza ya kulia. Robo tu jamani. Watu wanakaza mizunguko mitatu kwa hasira alafu beringi za rola zinaanza kupiga kelele. Na mikono, nywele, mikono ya shati, vyote viwe mbali na ile rola ya nyuma, inameza kitu haraka kuliko unavodhani.

Umeme ukikatika nikiwa juu inakuwaje?

Inasimama, na zingine zinasimama kwa ghafla. Ndo maana mimi sishauri kukimbia kasi kubwa huku umeshika simu, wala kufumba macho kama wale wa sala ya asubuhi. Ukihisi inapoteza nguvu shika vyuma vya pembeni, weka miguu kwenye kingo mbili zisizozunguka. Usibaki umesimama juu ya belti ukisubiri jenereta iwake. Shuka, zima swichi, umeme ukitulia ndo unaanza upya. Stabilaiza nzuri inasaidia huku kwetu ambako umeme unapanda na kushuka kama bei ya nyanya.

Ekstensheni je? Soketi ziko mbali.

Hapana. Na hesabu yenyewe hii hapa: soketi yetu ya ukutani ni ampea 13, kwa volti 230 ni kama wati 2,990. Mota ya nguvu farasi 3 peke yake ni zaidi ya wati 2,200. Sasa mtu wa uhasibu akichomeka birika la chai kwenye ekstensheni ileile, ambalo nalo ni wati 2,000 na kitu, mmeshapita. Waya mwembamba unachemka chini ya zulia ambako hakuna anayeuona. Tredimili moja, soketi moja, ukutani, na ikiwezekana iwe na laini yake kwenye meinswichi. Na waya usipite pale watu wanapotembea.

Kwanini mnapoteza nafasi kubwa hivo nyuma ya tredimili? Tungeweka baiskeli mbili pale.

Tulikuwa nazo. Akaanguka dada mmoja wa manunuzi, akarushwa nyuma, akakuta baiskeli, na belti ikaendelea kumsugua mgongo kwasababu hakuwa na pa kutokea. Kovu analo mpaka leo. Nafasi inayotakiwa ni mita 2 nyuma kwa upana wa mashine yenyewe, na nusu mita kila upande. Ukuta hauhesabiwi kuwa nafasi. Dirisha la kioo ndo kabisa.

Ile kamba nyekundu yenye klipu ni ya nini? Inanisumbua.

Ni ya kukuokoa wewe. Klipu kwenye nguo, upande wa pili kwenye mashine, ukianguka inachomoka na belti inasimama. Wengi mnaiacha imening'inia palepale, hapo haina kazi. Iliyopotea msiibadilishe kwa sumaku ya friji, nimeliona hilo kwa macho yangu mawili.

Tukiwa hapohapo kwenye kuning'inia: vueni kamba za kitambulisho shingoni. Hiki ni kitu cha jimu za ofisini peke yake, mtu anashuka moja kwa moja kutoka kwenye kikao, kaweka begi chini, kapanda na kitambulisho kinabembea. Mtandio uchomekwe ndani au vaa ule wa michezo unaobana. Kanga ya kujifunga kiunoni hapana, kandambili hapana, peku hapana.

Na kwa wanaolalamika kuwa tredimili ni mateso: hamjakosea sana. Ilianzia jela za Uingereza, mhandisi William Cubitt aliitengeneza mwaka 1818 ili wafungwa wapande ngazi zisizoisha, na sheria ya 1898 ndo ikaja kuifuta huko. Sisi tunailipia.

Mashine ya kuvuta kwa kebo inakwaruza kidogo lakini inafanya kazi. Ni hatari?

Kwangu mimi hii ndo ya kuogopwa kuliko zote humu ndani, kuliko hata tredimili, kwasababu inaonekana mpole. Kebo ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa zikavishwa nailoni. Zinakatika moja moja ndani, wewe huoni, mpaka siku zilizobaki zinashindwa na ile baa uliyokuwa unaivuta kutoka juu inakushukia kichwani.

Jinsi ya kukagua: toa uzito wote, chukua kitambaa cha pamba au tishu, kizungushie kebo na ukipitishe taratibu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kikinasa mahali, pana uzi uliochomoza. Msitumie kiganja kitupu, zinachoma kama sindano. Angalia zaidi pale kebo inapopinda kwenye puli na pale ncha inapoingia kwenye kile kichwa cha chuma. Nailoni ikipasuka, ikivimba, au ukiona rangi ya kutu inatoka ndani, mashine ifungwe siku hiyohiyo. Sio kesho baada ya Ijumaa kupita.

Kuhusu kubadilisha: fundi mmoja alituletea kebo ya klachi ya pikipiki kutoka Kariakoo, akaipiga fundo. Fundo! Kariakoo utapata beringi, bolti, nati, hata puli ukiwa na sampuli mkononi na sina ubaya na huko, lakini kebo iwe ya unene uleule na ncha zake zimebanwa kwa mashine. Na ile pini ya kuchagua uzito iwe pini yake. Msumari wa inchi sita sio pini. Bisibisi nayo sio pini.

Mbona vyuma vinapata kutu wakati ni vipya?

Chumvi. Upepo wa bahari unaingia madirishani, masika ndo balaa zaidi, ongeza jasho letu ambalo nalo ni chumvi. Tunafunga madirisha upande wa bahari, tunawasha feni au kiyoyozi hata saa moja baada ya watu kuondoka ili unyevu utoke, na zile nguzo za chuma ambazo uzito unapanda na kushuka juu yake tunazifuta kwa kitambaa kikavu alafu kitambaa chenye silikoni kidogo. Grisi hapana, inakusanya vumbi inakuwa msasa. Baa ya kunyanyulia ipigwe brashi ngumu ya nailoni kwenye yale makwaruzo ya kushikia, unga wa ngozi na jasho hukaa mle.

Dada wa usafi anatumia Jik, si ndo inaua vijidudu?

Inaua vijidudu na inaua mashine pia. Ile klorini inakula chuma na inakausha ngozi ya benchi mpaka inapasuka, alafu sponji la ndani linakunywa jasho na hapo hakuna usafi tena. Maji yenye sabuni laini yanatosha, au spiriti ya asilimia 70 kwenye vishikio. Nyunyizia kitambaa, usinyunyizie mashine, hasa kwenye ile sehemu yenye vitufe na skrini. Na ndoo ya kudekia isimwagwe karibu na mota. Hapa kosa halikuwa la dada hata kidogo, hakuna aliyewahi kumwambia, alipewa Jik na stoo akafanya kazi yake.

Naweza kunyanyua vyuma peke yangu usiku? Walinzi wanauliza.

Walinzi wetu ndo wanyanyuaji wakubwa, naelewa, zamu ni ndefu. Dambeli, sawa. Benchi la kulala na baa kifuani ukiwa peke yako, hapana. Kumbuka baa kubwa peke yake bila sahani ni kilo 20, watu wanasahau kuihesabu. Kama lazima, fanyia ndani ya fremu yenye vile vyuma vya kupokea baa, uvipange chini kidogo ya kifua kabla hujaanza. Klipu za kuzuia sahani zifungwe pande zote, na ukishusha sahani toa moja huku moja kule, usimalize upande mmoja, baa itapinduka kama mizani ya muuza samaki.

Tumefunga chuma cha kujivutia juu ukutani, sasa kinacheza.

Gonga ukuta. Ukisikia sauti ya uwazi ni jipsamu, na jipsamu haibebi mtu. Kiondoeni. Kinatakiwa kwenye zege au tofali zima, na bolti za kupanuka. Mipira ya mazoezi ya kuvuta nayo iangalieni, joto na jua vinaikausha, ukiivuta mbele ya macho ukaona mistari midogo kama ardhi ya kiangazi, tupa, ikikatika inakwenda usoni.

Baiskeli ile ya gurudumu zito haisimami nikiacha kukanyaga!

Haijaharibika, ndo ilivo. Gurudumu na pedali vimeunganishwa moja kwa moja. Bonyeza ile nobu ya breki chini, usijaribu kuchomoa mguu pedali zikiwa zinazunguka.

Mwanangu anakuja na mimi Jumamosi, anaweza kunisubiri mle ndani?

Hapana, na hapa sitabembelezeka. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Peloton ilirudisha tredimili zake za Tread+ zipatazo 125,000 huko Marekani baada ya watoto kuvutwa chini ya mashine na mmoja kufariki. Hizo ni mashine za bei kubwa kabisa. Funguo za usalama za tredimili zetu huwa nazichomoa jioni naziweka kwenye droo yangu, mkizikosa ndo sababu.

Nimeharibu kitu. Nitakatwa mshahara?

Sio hapa. Tulijaribu huko nyuma kulipisha watu, matokeo yake hakuna aliyeripoti chochote kwa miezi, vitu vikawa vinajiharibu vyenyewe usiku kama kuna jini. Niambie tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, lakini pia inamtaka mfanyakazi aseme akiona hatari, kwaiyo ukinyamaza ndo unakosea. Kuna karatasi nyekundu pale mlangoni, imeandikwa IMEHARIBIKA USITUMIE. Chomoa, bandika, andika daftarini tarehe na ulichosikia au kunusa. Huhitaji ruhusa ya mtu kubandika. Ila kuibandua ni mimi au fundi tu, sio wewe uliyeona Ijumaa imefika na unataka kukimbia.

Nikiumia jimu, WCF watanilipa?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipa madhara yanayotokana na kazi. Kama mazoezi ni hiari yako baada ya saa za kazi, usijihesabie moja kwa moja kwamba umo, na kama ulikuwa kwenye programu rasmi ya ofisi hoja yako ina nguvu zaidi. Vyovyote, ripoti siku hiyohiyo kwa maandishi. Mtu anakuja baada ya wiki tatu goti limevimba, hakuna shahidi, hakuna maandishi, utawala tumsaidieje?

Mtu akianguka ghafla na hapumui?

Ita watu kwa sauti, mmoja apige simu na kutafuta gari, wewe anza kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mbadilishane mkichoka. Usimpe maji. Kama aliangukia kwenye mashine inayozunguka, zima kwanza. Namba za dharura na orodha ya waliofundishwa huduma ya kwanza ziko ukutani juu ya boksi, na boksi halina kufuli tena, lile kufuli nimelitoa mwenyewe.

Fundi anakuja lini?

Kila baada ya miezi mitatu, na siku anayokuja nampa daftari kabla hajagusa spana. Mara ya mwisho alisoma mstari mmoja wa mlinzi wa usiku, "inalia tik tik kushoto nikikanyaga", akaenda moja kwa moja kwenye beringi ya pedali, akamaliza ndani ya dakika kumi na tano. Kwaiyo andikeni tu mnavyosikia, hata kama ni tik tik.